Wimbo wa Waliorudi

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wanajeshi ilipofika, sauti ya Chiriku ilitoka redioni tangu asubuhi. Vinyozi waliisikia wakiwa wanafungua maduka yao, wauza chai waliisikia wakikoroga sukari, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita waliuimba wimbo huo wakijipanga mstari shuleni: "Fungueni milango, wanaume wamerudi!" Lakini ungewauliza nani aliyeuimba, wengi wangekwambia ni mwanamama fulani wa zamani, bila shaka alishafariki. Mwenyewe alikuwa hai, mzima wa afya, anakaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali kuu, na siku hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuiwahi redio na kuizima kabla mumewe hajatoka chumbani.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali hiyo, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa msichana bado, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka. Yeye na mwenzake walishika shuka, huyu ncha hizi, yule ncha zile, wakalivuta, wakalikung'uta mpaka likatoa mlio kama kofi, kisha wakalipitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke. Mashine zilinguruma kutwa nzima. Asiyepaza sauti mle ndani hakusikika hata akiomba maji, na ndivyo Chiriku alivyopata kifua. Alipomaliza maneno ya kusema, na hilo lilikuwa jambo la nadra, aliimba.

Dereva alimpata hapo hapo. Alikuwa akileta magunia ya sabuni ya unga kwa lori, na siku za kwanza aliyashusha yote upesi kama watu wengine. Baada ya kuisikia ile sauti, magunia yakaanza kuwa mazito ghafla. Alishusha moja, akapumzika. Akashusha la pili, akaomba maji. Mkuu wa chumba cha kufulia, mama mmoja asiyependa mchezo, akamwuliza, "Kijana, unashusha sabuni au unashusha mlima?"

"Nashusha roho yangu, mama," Dereva akajibu. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Chiriku akaunguza shuka.

Wakaoana. Dereva alikuwa mcheshi wa kupasua watu mbavu, na nyumba yao ilikuwa haiishi wageni, kwa kuwa watu walipita pale kuchukua kicheko kama wanavyopita dukani kuchukua chumvi.

Muziki nao ulimfuata Chiriku hospitalini. Mpiga gitaa mmoja, kiongozi wa bendi, alilazwa kwa kuvunjika mguu. Watu walimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, ingawa vioo vyake vilikuwa vitupu tu, visivyomsaidia kuona chochote. Alikuwa amelala wodini, dirisha limeelekea chumba cha kufulia, akasikia mtu anaimba katikati ya mashine. Alipopata magongo alijikokota mpaka mlangoni kule.

"Mguu ndio uliovunjika," alisema, "masikio yangu mazima. Nani huyo?"

Basi Chiriku akawa anapiga pasi mchana na kuimba na bendi mwisho wa wiki. Dereva alimpeleka ukumbini kwa lori na kukaa meza ya mbele. Wimbo ulipoisha alipiga makofi peke yake kushinda meza nzima.

Halafu vikaja vita. Jeshi likachukua malori, na pamoja na malori likachukua madereva. Asubuhi ya kuondoka Dereva alimwona mkewe analia, akamwambia, "Sasa lori langu liende peke yake? Nani mwingine anajua ile gia ya tatu inavyotaka kubembelezwa?" Akapanda, akapiga honi, akaenda.

Habari zake zilikuja kidogo kidogo, kupitia wanajeshi waliojeruhiwa. Mmoja alimwambia Chiriku, kichwa kimefungwa bendeji, akicheka kwa shida, "Mumeo anasema amepewa utingo, mwanajeshi mzima. Wanamwita Bonge. Mwembamba huyo! Anasema upepo ukivuma anamfunga kamba kwenye kiti." Chiriku akacheka na majeruhi yule. Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu na shuka lake lilikuwa kwenye rundo la kufuliwa.

Mashuka yalikuja hivyo miezi mingi. Mengine damu yake ilikataa kutoka hata yakiloweshwa kutwa. Wanawake wa chumba cha kufulia walijifunza kuyakunja bila kuangaliana. Siku hizo hata Chiriku alinyamaza, na mkuu wao, yule mama asiyependa mchezo, ndiye aliyemwomba, "Imba hata kidogo, mwanangu. Hizi mashine peke yake zitatutia wazimu."

Vita vilipokaribia kwisha Profesa aliita mazoezi katika stoo ya nyuma ya baa, penye kreti tupu za soda. Alikuwa na wimbo mpya. Aliupiga kwa gitaa peke yake kwanza, na kila mmoja mle ndani akajua bila kuambiwa kwamba huu ni wimbo mkubwa. Ulikuwa na mwendo wa watu wanaokaribia nyumbani, wanaoanza kutembea upesi. Kisha akamwekea Chiriku maneno mdomoni:

*Fungueni milango, wanaume wamerudi,*
*wamerudi wote, hakubaki nyuma mtu.*

Chiriku aliimba mara moja, akasita. "Wote, Profesa?"

"Wote."

"Mimi ndiye ninayepiga pasi mashuka yao."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada Chiriku, wimbo si taarifa ya habari. Watu wamelia mpaka wamechoka. Wape kitu cha kuchezea. Halafu hebu jaribu kuimba 'wamerudi baadhi yao', uone kama kuna mguu utakaonyanyuka hapa."

Wapiga ngoma wakacheka. Chiriku naye akacheka. Wakarekodi wiki ile ile, na kabla lori la kwanza halijarudi kutoka vitani, wimbo ulikuwa umeenea kila kona.

Malori yalirudi mchana, katika barabara kuu, watu wamejaa pande zote mbili mpaka juu ya mapaa. Vipaza sauti vilifungwa kwenye nguzo za umeme, na katika kila kipaza sauti alikuwemo Chiriku anaimba. Chiriku mwenyewe alikuwa chini, anasukumana na watu, anaangalia vioo vya malori kimoja kimoja. Alipoliona lori la Dereva alikimbia, akakanyaga kidato, akamshika mumewe shingoni kupitia dirishani. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshikilia mkewe asianguke. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

"Ni wewe huyo?" Dereva aliuliza, akielekeza kidevu kwenye vipaza sauti.

"Ni mimi!"

Akatabasamu. Uso wake ulikuwa umekonda, na lile tabasamu lilionekana kubwa kuliko uso. Kisha akatega sikio. Lori lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na wimbo ukafika mstari wa pili, na tabasamu likaondoka.

"Nani kawaambia wamerudi wote?" aliuliza.

Kelele zilikuwa nyingi, na Chiriku akajifanya hakusikia.

Nyumbani Dereva hakuwa na mzaha tena. Wageni walikuja kuchukua kicheko chao, wakakuta mtu anayewashukuru kwa kuja na kuangalia mlango. Alilala sakafuni, kitanda alisema kinamyumbisha. Chiriku hakumbana. Alimpikia, akamnyamazia, akangoja.

Siku moja mchana alimkuta anaosha lori, akamsaidia kwa ndoo. Dereva alikuwa anasugua kioo cha pembeni, kile cha kuangalia nyuma, mahali pamoja tu, muda mrefu. Ndipo akasema, bila kugeuka.

"Tulikuwa na majeruhi nyuma, wamejaa. Tukafika kwenye daraja la magogo. Bonge akashuka kuniongoza, maana magogo mengine yalikuwa yamelegea. Kushoto, kulia, kushoto, hivi kwa mikono. Nikavuka. Wakaanza kutupiga risasi kutoka ng'ambo. Bonge akapigwa mguuni, akaanguka, akajivuta chini ya daraja. Nikataka kusimama. Afisa aliyekuwa nyuma akapiga bati juu ya kichwa changu: Endesha! Endesha! Nikaendesha."

"Ungefanya nini?" Chiriku alisema taratibu. "Ulikuwa na watu nyuma."

"Ninajua nilikuwa na watu nyuma. Nilimwona kwenye kioo hiki. Aliinua mkono." Dereva akainua wake, wenye povu. "Hivi. Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nenda au ananiambia nisubiri. Wenzetu waliporudi pale baadaye hawakukuta mtu, wala maiti."

Chiriku alilia, Dereva hakulia. Alimaliza kioo, akakamua kitambaa, akasema, "Nikuombe kitu kimoja, mke wangu. Wimbo wenu ni mzuri. Mimi mwenyewe ningeucheza. Badilisheni lile neno moja tu. Msiseme wote."

"Nitamwambia Profesa," Chiriku akasema. "Kesho."

Alimwambia kweli. Tatizo ni namna alivyomwambia, kama mtu anayeomba apewe kiti cha dirishani ikiwezekana. Profesa akajibu kwamba sahani za santuri zimeshatoka, zimeshafika mpaka vijijini, wakubwa wenyewe wanaupenda wimbo ulivyo, na watu wakisikia umebadilishwa watauliza kulikoni. Chiriku angeweza kusema, basi mimi siimbi. Bendi haikuwa na sauti nyingine. Alijua hivyo, na Profesa alijua hivyo, na ndiyo maana Profesa alimtazama kidogo kabla ya kuchukua gitaa. Chiriku hakusema.

Ukweli ni kwamba aliupenda. Alipenda ukumbi ulivyosimama wote gitaa likianza, wanajeshi wakiwa na magwanda yao, wanawake wanalia na kucheza kwa wakati mmoja. Alipenda kuwa yeye, mpiga pasi, ndiye anayewaliza. Jumamosi ile aliimba "wote" kwa kifua kizima, na nyumbani akamwambia mumewe, "Profesa kakataa katakata." Dereva akasema, "Sawa." Hakuja ukumbini, na meza ya mbele wakakaa watu wengine.

Miezi michache baadaye, bendi ikiwa mazoezini mchana katika stoo ile ile, mama mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, viatu vimejaa vumbi la safari. Alingoja mpaka ala ziliponyamaza, akauliza mwenye sauti ya ule wimbo wa wanajeshi ni nani. Wakamwonyesha.

"Shikamoo, mama," Chiriku alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?" Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Samahani nakukatisha kazi. Mimi mwanangu alikuwa vitani, utingo wa lori. Wenzake walimpa jina Bonge, aliniambia mwenyewe alipokuja likizo, anacheka. Nimekwenda kambini, wananiambia hayupo kwa waliokufa, na hayupo kwa waliorudi. Nimezunguka hospitali. Nikawa nimekata tamaa. Halafu nikasikia wewe unasema wamerudi wote, hakubaki nyuma mtu. Nikasema, mtu hawezi kutangaza redioni jambo asilolijua. Nikasema nitamtafuta huyu mwanamke, ataniambia wale wengine wamewekwa wapi."

Nyumba ya Chiriku haikuwa mbali na pale. Dereva siku ile hakuwa na safari, alikuwa uani anarekebisha breki. Angeweza kumshika mama yule mkono, wakatembea pamoja, na kabla chai haijapoa mama angekuwa amejua yote yaliyojulikana: daraja, mguu, mkono ulioinuliwa. Chiriku aliona hayo yote wazi. Akaona pia uso wa mumewe utakavyokuwa akiambiwa huyu ni mama yake Bonge. Akaona, chini kabisa ya hayo, mahali ambapo hata yeye hakupenda kuchungulia, habari itakavyosambaa kwamba wimbo ule una uongo, na mume wa mwimbaji mwenyewe ndiye shahidi.

"Dada Chiriku," Profesa aliita nyuma yake, "tunakungoja."

"Ni wimbo tu, mama," Chiriku akasema.

"Wimbo tu?"

"Ndiyo, mama. Ni maneno ya kuchezea muziki. Sisi hatujui lolote."

Mama yule alimwangalia, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, anayejaribu kukumbuka alikosea wapi. Kisha akauachia mkono taratibu. "Nisamehe basi, mwanangu," alisema. "Sisi watu wa mbali tunayachukua mambo kama yalivyo." Akaondoka. Profesa akahesabu, na mazoezi yakaendelea.

Chiriku hakumwambia mumewe. Alijiambia anamhurumia, na jioni za kwanza aliamini. Alipanga kumweleza atakapopata nguvu. Dereva akapata kazi ya kusafirisha saruji, akapata nguvu, wakapata mtoto wa kwanza, wakapata wa pili, na neno lile likazidi kuwa gumu kutamka kadiri siku zilivyokwenda.

Dereva naye alikuwa na lake. Tangu arudi alikuwa anajiandaa kwenda kwao Bonge, na kila mara akafika njia panda akakata kulia badala ya kushoto. Miaka ikapita. Siku moja alipiga moyo konde, akaenda. Alimkuta dada yake Bonge peke yake. Mama alishafariki.

Alirudi nyumbani jua bado lipo juu. Chiriku alikuwa anaanika nguo za watoto uani. Dereva alisimama upande wa pili wa kamba, nguo zikiwa katikati yao.

"Mama yake alikuja kwako," alisema.

Chiriku hakuuliza mama wa nani. "Alikuja."

"Na mimi nilikuwa hapa nyumbani?"

"Ulikuwa hapa."

"Dada yake anasema alipotoka kwako hakuuliza kwa mtu mwingine tena. Alisema kama hata anayeimba hajui, basi hakuna anayejua. Akakaa nyumbani." Dereva akaisogeza nguo moja iliyokuwa inamgusa usoni. "Kitanda cha mwanawe alikitandika mpaka alipokufa."

Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akainama kuokota nguo nyingine kwenye beseni. Dereva hakupiga kelele. Angepiga kelele, labda wangegombana, wakalia, wakapatana. Aliingia ndani, akanawa, akaomba chakula. Hakumtesa mkewe kwa neno wala kwa mkono siku zote zilizofuata. Alimtunza pamoja na watoto, alimpeleka kwa daktari alipougua, alimnunulia khanga. Ila kuanzia siku hiyo hakumwambia tena jambo lolote la moyoni, na wimbo ule ulipolia popote alinyanyuka, akatoka. Majirani walimtania, "Dereva anaona wivu, mke wake kapendwa na nchi nzima!" Chiriku alicheka nao, kisha akaingia ndani.

Bendi ilivunjika, kama bendi zinavyovunjika, kwa ugomvi wa vyombo na uzee. Profesa alifariki. Siku chache kabla, Chiriku alipokwenda kumtazama, alimshika kidole na kusema, "Lile neno lako, dada. Tungetafuta lingine. Wala halikuwa gumu." Chiriku alimwambia apumzike. Aliendelea na mashuka yake mpaka alipostaafu, na vijana waliokuja kazini hawakujua kwamba bibi huyu ndiye aliyemo redioni.

Halafu wakaja kumtafuta. Serikali ilikuwa inaandaa kumbukumbu kubwa kuliko za miaka mingine, na kijana mmoja nadhifu, mwenye beji shingoni, aligonga mlango akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. "Bibi, tulidhani umefariki!" alisema, kisha akajishika mdomo. Walitaka aimbe uwanjani mwenyewe, na itatangazwa redioni moja kwa moja.

Chiriku alimwangalia mumewe. Dereva alikuwa mzee sasa, miguu imevimba, binti yao wa mwisho ndiye anayemsaidia kutembea. "Nenda," alisema. "Ni wimbo wako."

Chiriku aliupitia wimbo jikoni wiki nzima, kwa sauti ya chini. Hakumwambia mtu alichokusudia. Asubuhi ya siku yenyewe walimvalisha gauni refu, wakamshika mikono mpaka jukwaani, mbele ya uwanja uliojaa pomoni. Vijana wa bendi walikuwa hodari, gitaa likaanza vile vile kama zamani, na uwanja mzima ukasimama. Mstari wa kwanza waliimba naye. Mstari wa pili ulipofika, Chiriku akakusanya kifua chake chote kilichobaki, akaimba:

*Wamerudi, si wote, na waliobaki tunawadai nyumbani.*

Hakuna aliyesikia. Watu maelfu walikuwa wanaimba "wamerudi wote" kwa nguvu zao zote, mikono juu, machozi mashavuni, na sauti ya bibi mmoja ilizama humo kama sindano kisimani. Alirudia kiitikio kilipokuja tena, na tena. Mpiga besi peke yake, aliyekuwa karibu naye, alimtazama mara moja, akidhani bibi amesahau maneno, akamtabasamia kumtia moyo. Wimbo ulipoisha walimshangilia mpaka akashushwa.

Alipofika nyumbani binti yao alimpokea mlangoni, akamnong'oneza, "Mama, leo baba hakutoka wimbo ulipoanza. Amekaa mpaka mwisho." Chiriku alimkuta Dereva jikoni, amekaa, anamenya viazi polepole kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Redio ilikuwa imezimwa.

"Nimelibadilisha," Chiriku alisema, bado amesimama. "Lile neno. Nimesema si wote."

Dereva aliweka kisu chini. "Mitambo ya kurushia matangazo kutoka uwanjani iliharibika mwanzoni tu. Mtangazaji akaomba radhi, wakatupigia sahani ya zamani."

"Kwa hiyo hukusikia."

"Nilisikia ile ile."

Chiriku akavuta kigoda, akakaa. Lile gauni lilimbana. "Ningemwimbia hivyo yule mama siku ile," alisema.

"Yule mama hakuja kuimbiwa," Dereva akasema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. "Alitaka mtu wa kumwonyesha nyumba."

Binti alichungulia, akawaacha. Chiriku alikuwa akiwaza kwamba ameimba habari za wanajeshi wa nchi nzima, na huyu mmoja, aliyekaa ubavu kwa ubavu na mumewe miezi yote ile, hakujua hata alikuwa anapenda nini.

"Baba watoto," alisema, "Bonge alikuwa mtu wa namna gani?"

Dereva alimwangalia kwa mshangao, kama ameulizwa habari za mtu aliyepita dakika ile mlangoni.

"Alikuwa anapiga mluzi," alisema hatimaye. "Mluzi mmoja tu, kutwa nzima, mpaka unatamani kumtupa nje. Nikamwambia, Bonge, badilisha hata kidogo. Anasema huo ndio anaoujua."

"Mluzi gani?"

Dereva akakunja midomo, akapuliza. Ilitoka hewa tupu. Akalamba midomo, akajaribu tena, akainamisha kichwa kama anasikiliza kitu mbali. Kisha akatikisa kichwa.

"Umenitoka," alisema. "Ungeniuliza wakati ule, ningekupigia."

Chiriku akachukua kisu kingine, akavuta bakuli kati yao, wakawa wanamenya pamoja. Dereva akamweleza yaliyobaki ya Bonge: kwamba aliogopa kuku, mtu mzima na bunduki yake; kwamba alilala na viatu; kwamba aliapa vita vikiisha hatapanda gari tena maishani. Kila alipofika mahali alisimama, akatafuta, akasema hapana, labda huyo alikuwa mwingine. Chiriku hakumkatiza. Alingoja zaidi, lakini hakikuja kitu, na viazi vilikuwa bado vingi kwenye bakuli.